Jina lililo mgongoni mwa fulana ya mtumba

KIJANA wa jirani yangu, aliye kidato cha tatu, alinijia Jumapili moja alasiri akiwa amevaa fulana aliyoinunua kwenye mitumba ya Gikomba. Ilikuwa fulana nyeupe ya Kimarekani yenye vifungo mbele, na mgongoni palikuwa na namba 34 na jina RYAN kwa herufi kubwa. Baba yake alikuwa amekwisha kumkemea kwa sababu ya fulana hiyo.

“Anko,” akaniambia, “baba anasema nimembeba mtu mgongoni bila kujua kama ni padri au ni mwizi wa mabavu. Wewe ndiwe unayeandika gazetini. Huyu Ryan ni nani?”

Nilicheka, nikamkaribisha kikombe cha chai. Punde si punde niligundua kuwa hakuja kwa ajili ya fulana pekee. Kijana huyu hurusha mkuki shuleni kwao. Ana nguvu za ajabu, ila mkuki wake aghalabu huanguka nje ya ile mistari miwili iliyochorwa uwanjani, na ukianguka nje hauhesabiwi hata ungefika mbali namna gani. Katika mashindano ya mwisho mirusho yake yote ilikataliwa. Mwalimu wa michezo akamshauri auache mkuki, akimbie mita 800 kama wenzake. Baba yake naye akasema aache yote mawili, ashike vitabu.

Basi, msomaji mpenzi, yale niliyomweleza kijana huyo jioni ile ndiyo ninayokueleza wewe leo. Ni habari za Nolan Ryan, mrushaji wa mchezo wa besiboli ambaye Wamarekani wengi, hasa wa jimbo la Texas, humtaja kwa heshima ambayo sisi huwawekea wazee wa ukoo.

Nusu sekunde

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Kama ulicheza raunda katika shule ya msingi, tayari unaijua nusu ya besiboli. Mrushaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo. Mbele yake, umbali usiotimia mita 19, amesimama mpigaji mwenye gongo la mviringo. Mpira ni mgumu, una uzito wa gramu 145 hivi. Mpigaji akiuchapa vyema hutimua mbio kuelekea kituo cha kwanza. Akilizungusha gongo na kukosa, au akiuachia mpira mzuri umpite, huhesabiwa kosa. Akifikisha makosa matatu, yuko nje. Lakini mrushaji naye ana sheria yake. Akirusha mipira minne mibaya, iliyo juu mno, chini mno au pembeni, mpigaji hupewa njia ya bure na kutembea taratibu hadi kituo cha kwanza bila kutoa jasho.

Mwaka wa 1974 wanasayansi walikwenda uwanjani California na mitambo yao kuupima mpira wa Ryan. Walipata maili 100.9 kwa saa, yaani kilomita 162. Fikiria matatu ya kwetu, ambayo kwa sheria imefungiwa kifaa cha kudhibiti mwendo isizidi kilomita 80 kwa saa. Mpira wa Ryan ulikwenda mara mbili ya mwendo huo, na mpigaji alikuwa na muda usiofika nusu sekunde kuuona, kuamua na kulizungusha gongo.

Tangu wakati huo wamekuja warushaji waliopimwa kwa kasi kubwa zaidi. Aroldis Chapman, mzaliwa wa Cuba, alifikisha kilomita 170 mwaka wa 2010. Mashabiki wa Ryan hawakubali kushindwa kirahisi. Watakwambia kuwa siku hizi mpira hupimwa ukitoka tu mkononi, ilhali ule wa Ryan ulipimwa ulipokaribia kumfikia mpigaji, baada ya kupunguza mwendo. Ubishi huo hauishi, na wenyewe hawataki uishe.

Waliokabiliana naye walikuwa na ushuhuda wao. Mnamo Julai 15, 1973, Ryan alikuwa akicheza dhidi ya Detroit, na ilikuwa zamu ya mwisho bila yeyote kufanikiwa kumpiga. Mpigaji mmoja mkongwe, Norm Cash, akaingia uwanjani akiwa ameshika mguu wa meza badala ya gongo. Mwamuzi alipomrudisha, Cash alijitetea kuwa hata angeshika gongo halali asingeupata mpira wa Ryan. Alikwenda akachukua gongo la kweli, na hilo nalo halikumfaa kitu.

Mtoto wa kukunja magazeti

Mtu huyu hakuzaliwa uwanjani. Alizaliwa Januari 31, 1947, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto sita, na akalelewa Alvin, mji mdogo ulio kusini mwa Houston. Baba yake aliajiriwa katika kampuni ya mafuta. Mshahara mmoja haukutosha kuwasomesha watoto sita, kwa hivyo mzee akatafuta kazi ya pili, kusambaza gazeti la Houston Post mjini Alvin. Nolan akiwa mtoto alikuwa akiamshwa saa saba za usiku kwenda kukunja na kufunga magazeti pamoja na babake, hadi alfajiri. Kisha alikwenda shule kama watoto wengine.

Wazazi wanaoamka saa kumi kwenda Marikiti au Wakulima kutafuta karo watayaelewa maisha hayo bila kufafanuliwa.

Mwaka wa 1965, alipomaliza shule ya upili, timu kubwa zilichagua vijana wa kuwasajili. Timu ya New York Mets ilimchukua Ryan baada ya vijana 294 wengine kuchaguliwa. Kila mtu alikiri kuwa ana mkono wa ajabu. Taabu ni kwamba hakuna aliyejua mpira utaangukia wapi, naye mwenyewe hakujua. Alikuwa mshamba katika jiji kubwa, vidole vikimtoka malengelenge hata akawa akivitumbukiza katika maji ya achari ili ngozi ikomae. Alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa mwaka wa 1969, lakini miaka ikapita bila yeye kupata mahali pa kudumu. Mwaka wa 1971 alishinda michezo 10, akashindwa 14, na akatoa njia za bure 116.

Mets wakachoka. Desemba 1971 walimpeleka California pamoja na wenzake watatu, wao wakapewa mchezaji mmoja tu, Jim Fregosi. Hadi leo mashabiki wa New York wakikumbuka biashara hiyo hushika vichwa.

Ryan mwenyewe alikuwa amekwisha kukata tamaa, na alifikiria kuuacha mchezo arudi Texas. Aliyemsihi avumilie ni mkewe, Ruth, waliyekuwa wakijuana tangu utotoni pale Alvin na ambaye alimwoa mwaka wa 1967. Huko California alipata kocha na mdakaji waliokuwa na subira ya kumfundisha apunguze pupa, atulize mwili kabla ya kurusha. Aligundua pia chumba cha kunyanyua vyuma, wakati ambapo wengi waliamini kuwa vyuma huharibu mkono wa mrushaji. Mwaka huo wa 1972 alishinda michezo 19 na kuwatoa wapigaji 329 kwa makosa matatu. Mwaka uliofuata aliwatoa 383, akavunja rekodi ya Sandy Koufax kwa mmoja tu.

Baba na mwana

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Warushaji hodari wako wengi, na wengine walishinda michezo mingi kumliko. Kwa nini mashabiki wakampenda huyu?

Jibu la kwanza ni muda. Ryan alicheza misimu 27. Alipoanza, mwaka wa 1966, Kenya ilikuwa na miaka mitatu ya uhuru na Mzee Kenyatta ndiye aliyekuwa Rais. Alipostaafu, mwaka wa 1993, sisi tulikuwa tumekwisha kurejea katika siasa za vyama vingi. Kijana aliyemshangilia akiwa na kaptura ya shule alikuja kumshangilia tena akiwa amempakata mwanawe.

Hata wapigaji walirithishana. Alimtoa Bobby Bonds, kisha akaja kumtoa mwanawe Barry. Alimtoa Ken Griffey, na baadaye mwanawe Ken Griffey mdogo. La kupendeza zaidi ni la ukoo wa Alomar. Mwaka wa 1973 Sandy Alomar alikuwa akicheza katika timu moja na Ryan kule California. Mei 1, 1991, miaka 18 baadaye, mpigaji wa mwisho aliyesimama mbele ya Ryan katika usiku wake mkubwa kuliko zote alikuwa Roberto Alomar, mwana wa Sandy.

Usiku huo wafaa kusimuliwa. Katika besiboli kuna sifa inayotafutwa na kila mrushaji, nayo ni kumaliza mchezo mzima bila mpinzani hata mmoja kupata pigo halali. Warushaji wengi hustaafu bila kuionja. Koufax aliipata mara nne. Ryan, ambaye kufikia wakati huo alikuwa Texas Rangers, alikuwa nayo mara sita. Siku hiyo alikuwa na miaka 44, na kabla ya mchezo alilalamika kuwa mgongo unamuuma na mwili mzima hauko sawa. Alipotoka uwanjani alikuwa amewatoa watu 16 wa Toronto kwa makosa matatu, na hakuna aliyepata pigo. Ikawa mara ya saba. Hakuna mwingine aliyemkaribia hadi leo. Baada ya shangwe zote hizo aliingia ndani, akapanda ile baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote, akaanza kupiga pedali kama ilivyokuwa desturi yake baada ya kila mchezo, huku waandishi wakimhoji.

Mashabiki walilipenda jambo hilo pengine kuliko ile rekodi. Mtu aliyerudi kutoka kazi ya usiku anaielewa heshima ya kazi.

Na kuna usiku mwingine, wa Agosti 22, 1989. Ryan alihitaji kumtoa mpigaji wa 5,000 katika maisha yake, jambo ambalo halikuwa limefanywa na binadamu yeyote. Watu zaidi ya 42,000 walijaa uwanjani Arlington, na kila alipoinua mkono taa za kamera zilimemeteka kila pembe. Aliyeangukia namba hiyo ni Rickey Henderson wa Oakland, mmoja wa wachezaji wenye maringo kuliko wote. Henderson hakununa, bali aliona ni fahari kuingia katika historia hiyo. Wenye mchezo wao, Texas Rangers, walishindwa usiku huo kwa 2-0. Hata hivyo watu walikwenda nyumbani wakiimba.

Hesabu ya pande mbili

Nilipofika hapo, kijana wa jirani alikuwa ameinyosha ile fulana kwa viganja kama mtu aliyevaa suti. Nikamwambia asifurahi mapema, kwa kuwa hesabu ya Ryan ina kurasa mbili, na mwenye kumpenda mtu hana budi kuzisoma zote.

Ukurasa wa kwanza unasema aliwatoa wapigaji 5,714 kwa makosa matatu. Anayemfuata, Randy Johnson, ana 4,875. Ukurasa wa pili unasema alitoa njia za bure 2,795, na hiyo pia ni rekodi. Hakuna mrushaji aliyekosea shabaha mara nyingi kama yeye, na anayemfuata yuko nyuma kwa zaidi ya 900. Alishinda michezo 324, akashindwa 292. Tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa mwaka, hakuipata hata mara moja. Mwaka wa 1987, akiwa na miaka 40 na akichezea Houston, aliongoza ligi yake kwa kuwatoa wapigaji wengi na kwa kuruhusu alama chache, lakini kwa kuwa wenzake hawakumpigia mipira, alishinda michezo 8 na kupoteza 16.

Kuna na mambo yasiyofaa kuigwa. Mpira wa kasi ile ukikosa njia ni hatari. Mwaka wa 1974 ulimgonga kichwani Doug Griffin wa Boston, akakaa nje kwa wiki kadhaa. Agosti 1993, mpigaji kijana wa Chicago, Robin Ventura, aliyekuwa na miaka 26, alikasirika baada ya kugongwa na mpira, akamvamia. Ryan, mwenye miaka 46, alimkaba kichwa kwapani akamtandika makonde. Picha ya tukio hilo imetundikwa ukutani na mashabiki wengi. Mimi nisingeitundika ya kwangu. Ushabiki una tabia ya kugeuza hata ugomvi kuwa sifa, na hapo ndipo mzazi anapopaswa kuketi na mwanawe na kumwambia: hili mpende nalo, hili muachie mwenyewe.

Jambo la kushangaza ni kwamba hesabu ile ya pande mbili haikupunguza mapenzi ya watu. Nadhani iliyaongeza. Anayeshinda daima humstaajabia tu ukiwa mbali, kama unavyotazama mlima. Ryan alikuwa mtu ambaye hata katika ubora wake hukujua jioni hii itakuwaje. Angeweza kuwatoa kumi mfululizo, angeweza kugawa njia za bure kama peremende. Watu walikwenda uwanjani mioyo ikiwadunda, kisha wakamwona akikosea, akivuta pumzi, akiinua tena mguu na kurusha kwa nguvu zile zile. Mfanyakazi aliyekuwa na wiki mbaya kazini alijiona mwenyewe pale.

Hata mwisho wake haukuwa wa sinema. Septemba 22, 1993, kule Seattle, alitoa njia za bure kadhaa, akapigwa pigo moja lililowarudisha watu wanne, kisha akahisi kitu kimekatika kwenye kiwiko. Alijaribu kurusha tena mara moja, halafu akatoka. Siku hiyo hakumtoa hata mpigaji mmoja. Mwaka wa 1999 waandishi 491 kati ya 497 walipiga kura aingie katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown. Timu tatu zimezihifadhi namba alizozivaa, mtu mwingine asizivae tena. Kule Alvin kuna sanamu yake, na barabara kuu ya eneo hilo imepewa jina lake.

“Alisoma?”

Tulikuwa tumefika hapo baba wa kijana alipobisha hodi kumtafuta mwanawe. Aliketi, akasikiliza sehemu ya mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

“Na huyo mtu alisoma?”

Nikamwambia kuwa alimaliza shule ya upili ya Alvin mwaka wa 1965 ndipo akaingia kazini, na kwamba kabla ya hapo alikuwa akikunja magazeti usiku na babake ili nyumba isomeke. Mzee alitikisa kichwa polepole. Niliona kuwa yale ya magazeti yamemgusa kuliko zile rekodi.

Nikamkumbusha pia habari za nyumbani. Katika nchi hii, ambamo kila kijana mwenye miguu mirefu huambiwa akimbie, Julius Yego alishika mkuki. Hakuwa na kocha wa mchezo huo, akajifunza kwa kutazama video za warushaji wa nje kwenye YouTube. Agosti 2015, kule Beijing, alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akatuletea medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Rio. Lau angemsikiliza kila aliyemwambia mkuki si wa Wakenya, tungekuwa na mkimbiaji mmoja zaidi na bingwa mmoja pungufu.

“Sikusema ni wewe utakuwa Yego,” nilimwambia kijana mbele ya babake. “Pengine hutakuwa. Nguvu unazo, hilo wote wameliona. Ryan naye alikuwa nazo tangu mwanzo, na zilimchukua miaka saba kupata mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuzituliza. Wewe umejaribu kwa muhula mmoja.”

Baba alinyamaza kitambo, kisha akatoa hukumu yake. Fulana avae. Mkuki arushe, lakini alfajiri kabla ya shule, na jioni awe na vitabu mezani. Ripoti ya muhula ikishuka, fulana itarudi Gikomba ilikotoka.

Majuzi nilitoka mapema kwenda kazini nikampita kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba zetu. Alikuwa ameweka mawe mawili mbali kidogo, akirusha mpini wa ufagio upite katikati yake. Sikumsemesha, nilisimama tu nikahesabu. Mitatu ilipita ndani, minne ikatoka nje. Baada ya wa saba alikwenda kuuokota, akarudi pale pale alipokuwa amesimama, akavuta pumzi.